Safu Tupu ya Duka Namba Nane

Vijana, wenzangu wa idara ya wapangaji, kabla sijakabidhi ofisi mliniomba niwaandikie kurasa chache juu ya historia ya markazi yetu ya maduka, ili pabaki kitu cha kusomwa majengo yatakapokuwa yamekwisha kubomolewa. Nadhani mlitaka mambo ya kufurahisha: chemchemi ya vigae vya buluu, duka la kanda za muziki, mabibi wa Kizungu na vikapu vyao. Baadhi ya hayo yamo. Lakini nawaambia mapema kwamba maelezo haya yanaelekea duka namba nane, la Bi Zeyana mshonaji, ambaye alikaa hapo tangu mwezi wa kwanza wa markazi, na ambaye katika wapangaji thelathini na mmoja ni yeye peke yake asiye na nafasi katika jengo jipya. Kosa halikuwa la mwanasheria, wala la kompyuta zenu. Lilikuwa la daftari, na daftari lilikuwa mkononi mwangu.

Miaka nitaihesabu kama tulivyoihesabu kazini. Ami Khalfan, msimamizi wa kwanza wa markazi, alimhesabia kila mpangaji miaka yake tangu siku aliyoingia, na watumishi vivyo hivyo. Basi nikisema mwaka wa ishirini, ni mwaka wangu wa ishirini. Siku na miezi nimeitoa katika daftari, na yasiyokuwamo katika daftari nimeyatoa katika kalenda zangu za ukutani, ambazo sikuwahi kutupa hata moja.

Marehemu mume wangu, Mbarak, alikuwa dereva wa gari la maji. Alifariki tarehe 14 Juni. Eda yangu ilimalizika tarehe 20 Oktoba, na Jumamosi tarehe 24 Oktoba nikaingia kazini, nikiwa na umri wa miaka ishirini na minne, watoto wawili wa kike, na baibui la kuazima. Nilitoka nyumbani Sidab alfajiri nikafika saa moja kasorobo, kabla ya mtu yeyote, kwa kuwa nilikuwa sijui safari yenyewe huchukua muda gani. Markazi ilikuwa imesimama peke yake kandoni mwa Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa Maskati, ghorofa mbili nyeupe zenye matao, na mbele yake uwanja wa magari wa kutosha magari mengi kuliko niliyopata kuyaona mahali pamoja. Sisi wenye Kiswahili tuliiita Juu, kwa sababu ilikuwa mlimani kidogo. "Unafanya kazi wapi?" "Nipo Juu." Wageni walidhani tunajisifu.

Kazi yangu ilikuwa kufagia ofisi, kuchemsha chai na kutunza ubao wa funguo. Enzi hizo kila mpangaji aliacha ufunguo wake ofisini anapofunga, akauchukua asubuhi. Kila ufunguo ulikuwa na kibati cha shaba kilichochongwa namba ya Kiarabu. Watu wa kwetu wanajua kwamba saba ya Kiarabu na nane ya Kiarabu ni umbo moja. Tofauti ni kwamba moja imesimama na nyingine imepinduliwa kichwa chini. Mimi nilijua namba za Kiarabu kwa sura tu, kama mtu anavyowajua majirani asiowajua majina. Saa mbili asubuhi ile nilimpa mwenye duka la dawa ufunguo wa mshonaji, na mshonaji ufunguo wa dawa.

Mwenye dawa alirudi akipiga kelele. Mshonaji alirudi akicheka. Alikuwa mwanamke wa kama miaka arubaini, mfupi, mwenye tepe ya kupimia shingoni na pini tatu kifuani.

"We mwanangu, nani kakuajiri? Adui wa Khalfan?"

Nikasema samahani. Akaniangalia, kisha akatoa chaki ya kukatia nguo mfukoni akachora juu ya meza ya ofisi, meza niliyokuwa nimetoka kuifuta.

"Tazama. Hii saba, ni kikombe, unaweza kutia maji. Hii nane, ni hema, mvua haiingii. Mimi ni hema. Umeona?"

"Nimeona."

"Hujui kusoma?"

"Sijui."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Huyo ndiye Bi Zeyana. Alikuwa amekuja Maskati kutoka bara, kutoka Tabora, na cherehani moja ya mkono, wakati markazi ina mwezi mmoja tu, na nusu ya maduka yake haijapata watu. Wiki ile ile alinipeleka mwenyewe kuniandikisha katika darasa la watu wazima, Jumapili na Jumanne, saa kumi za jioni. Saa hizo ofisi ilikuwa imefungwa hadi magharibi, na wanangu Rahma na Nunu walikaa chini ya meza yake ya kukatia, wakicheza na vipande vya nguo. Hivyo kwa miaka mitano. Cheti changu sina haja ya kukieleza. Kipo ukutani Sidab, na ukuta una unyevu. Vyeo pia sitavieleza. Nitasema tu kwamba katika mwaka wa saba Ami Khalfan aliniwekea mbele yangu Daftari la Wapangaji, kitabu kipana cha jalada la kijani chenye safu tisa, akanipa rula na kalamu ya wino mweusi, akasema, "Sasa macho yangu ndiyo yasiyoweza kusoma."

Alikuwa mwalimu mkali wa mambo madogo. Jambo liandikwe siku lilipotokea. Lisiandikwe leo la jana, wala lisiachwe la leo hadi kesho. Ukikosea usifute, pitisha mstari mmoja juu ya kosa, ili ajaye baada yako aone kosa na aone kwamba uliliona. Muhuri wa tarehe uzungushwe kila asubuhi kabla ya chai, hata kama siku hiyo hautatumika. Niliyapenda haya kwa namna ambayo huenda aliyesoma tangu utotoni hataielewa. Mtu aliyeishi miaka ishirini na minne bila kujua leo ni tarehe ngapi, ukimpa muhuri wa tarehe, umempa kitu kikubwa.

Siku ya kwanza nilipolipitia daftari lote niliona kwamba katika mstari wa namba nane safu ya sita, ile ya mkataba, ilikuwa tupu. Jina lipo, siku ya kuingia ipo, aina ya biashara ipo. Mkataba hakuna.

"Ami, hapa pamesahauliwa."

"Hapajasahauliwa. Hapo pana neno."

Akanieleza. Mwezi ule wa mwanzo hakuna aliyelitaka duka namba nane, kwa sababu liko mwisho wa ukumbi karibu na chumba cha mitambo, na linatetema. Mwenye markazi wa wakati huo, tuliyemwita Mzee, alimkuta Bi Zeyana amekaa ngazini na cherehani yake, akamwonyesha duka, akamwambia: "Maadamu sindano yako inatembea, hapa pako, na atakayekuja baada yangu asikuondoe." Palikuwa na mashahidi wawili, Ami Khalfan mwenyewe na Said wa kahawa, aliyekuwa akimimina vikombe. Wakanywa, wakala halua, basi.

"Na hilo neno haliandikwi?" nikauliza.

"Utaliandikaje neno la mtu mzima naye yupo hai anakutazama? Ni kumwambia kwamba unaingojea siku atakapolikana."

Nikaliona ni jibu zuri. Nakiri kwamba hadi leo naliona zuri. Hiyo ndiyo shida yake.

Sasa historia mliyoitaka. Chemchemi iliacha kutoa maji miaka miwili kabla sijaajiriwa, na kila mwaka palikuja fundi aliyeapa kuwa ataitengeneza. Viyoyozi vya madirishani vilidondosha maji ukumbini, nasi tukaweka ndoo. Nilijua kwa sauti ya ndoo ni kiyoyozi cha nani. Duka namba kumi na mbili liliuza kanda za muziki, likauza kanda za video, likauza simu, likauza manukato, na mwenye duka alikuwa mtu yule yule, kila mara akiapa kwamba biashara hii sasa ndiyo yenyewe. Namba ishirini alikuwa mpiga picha. Kila mtoto wa pasipoti wa upande wetu alipigwa picha hapo akilia. Siku za Alhamisi jioni watu walikuja kutembea tu, familia nzima, juu na chini, wakisalimiana na waliokwisha salimiana nao juu. Ndoa kadhaa zilianza katika ngazi zile. Kisha yakajengwa yale majumba makubwa ya maduka yenye barafu ya kuteleza na sinema, watu wakaenda huko kusalimiana, na sisi tukabaki na fundi viatu, mwenye miwani, dawa, na wazee waliokuja asubuhi kutembea kwa amri ya daktari. Terazo ya sakafu ilikuwa haichakai. Ilitushinda sote.

Bi Zeyana hakupungukiwa wateja. Wanawake waliotoka naye bara, na wa Unguja, na binti zao, na wajukuu, walikuja kwake kabla ya kila Idi na kila harusi. Walikuja kushonesha na kusema. Duka lake lilikuwa na upana wa hatua nne, na ndani yake Kiswahili kilisemwa kwa lafudhi ya Tabora, Mwanza, Unguja na Pemba kwa wakati mmoja, na cherehani ikiwajibu. Binti zetu wengi, ambao nyumbani hujibu kwa Kiarabu, Kiswahili walichonacho wamekipata pale wakipimwa mikono. Sijui sasa watakipata wapi. Naandika hili kwa kuwa katika zile fomu zenu za tathmini hapakuwa na safu yake.

Katika mwaka wa ishirini, mwanzoni mwa Juni, ilinyesha mvua ambayo wengi wenu mliisikia mkiwa watoto. Wadi, ule mto mkavu ulio nyuma ya uwanja wa magari, ilishuka, maji yakaingia chumba cha chini kulikokuwa na kabati la chuma lenye mikataba. Tulipolifungua siku ya nne, mikataba ilikuwa uji. Daftari lilisalimika, kwa kuwa nililiweka juu, na sikuaga hadi nimeliweka. Mzee alikuwa amekwisha fariki. Mwanawe, mtu mwema mwenye haraka, aliamuru kila mpangaji atie sahihi mkataba mpya. Nikazunguka na karatasi thelathini na moja. Thelathini zilitiwa sahihi kwa siku mbili. Ya thelathini na moja nilikwenda nayo Jumatano, baada ya adhuhuri, wakati duka la Bi Zeyana huwa halina watu.

"Mama, nimekuja na karatasi."

"Karatasi ya nini?"

"Ya duka. Za zamani zimeroa. Mtoto wa Mzee anataka kila mtu atie sahihi upya."

"Upya! Mimi ya mwanzo sikutia, hiyo upya inatoka wapi?" Akacheka, uzi mdomoni. "Au na neno la marehemu nalo limeroa?"

"Ni utaratibu tu, mama."

Akasimamisha cherehani. Hilo alilifanya mara chache.

"Moza, mwanangu. Yule mzee kanipa mahali hapa mbele ya Khalfan na mbele ya Said. Leo nikitia sahihi, nnasema neno lake lilikuwa halitoshi. Yeye yumo kaburini, hawezi kunijibu. Unataka nimwambie hivyo?"

"Hapana, mama."

"Na karatasi yenyewe umeleta wewe. Wewe!"

Mimi ndiye aliyekaa miaka mitano akijifunza kushika kalamu, watoto wangu wakilala juu ya vitambaa vyake. Kumwekea kalamu mbele yake na kumwambia tia hapa, ilikuwa kama kumdai.

"Kaa nikupime mkono," akasema. "Hiyo nguo yako imekukaa kama gunia la mchele."

Nikakaa, nikapimwa. Karatasi nikarudi nayo haina kitu. Nilipomweleza Ami Khalfan alitikisa kichwa, akasema kwamba basi tutaandika neno lenyewe, na yeye na Said watatia majina yao kuwa mashahidi, siku ya nafasi. Nilikubali kwa furaha. Hiyo ndiyo ingekuwa njia ya adabu: Bi Zeyana asiguswe, neno liandikwe pembeni. Said wa kahawa alifariki Disemba ya mwaka ule. Siku ya nafasi ilikuwa haijafika.

Vijana, kazi yetu haina milima. Ina siku za nafasi ambazo hazifiki.

Ami Khalfan aliacha kazi katika mwaka wa ishirini na mbili. Katika mwaka wa ishirini na tano nilisikia kwamba mapafu yamemshika na haondoki kitandani. Alhamisi, tarehe 9 Februari, nilikwenda kumtazama. Sikwenda mikono mitupu. Ndani ya mkoba wangu mkubwa nilikuwa na daftari la kijani, kalamu, kidau cha wino na muhuri, ambao nilikuwa nimeuzungusha asubuhi. Karatasi ya maelezo ya neno la Mzee nilikuwa nimekwisha iandika kwa hati yangu bora, mistari sita, na chini nimeacha nafasi ya jina la shahidi mmoja aliyesalia.

Alikuwa ameegemezwa mito. Alifurahi kuniona. Aliuliza habari za ukumbi, ndoo, na yule mwenye manukato, nikamwambia sasa anafikiria kuuza asali. Alicheka hadi akakohoa, mkewe akamshika mgongo. Kisha akautazama mkoba uliokuwa mapajani mwangu.

"Mzigo mzito huo, Moza. Umebeba nini?"

Mnajua nilichopaswa kusema. Lakini fikirini: mtu yumo kitandani, mkewe yupo, watoto wake wapo mlangoni, nanyi mnamtolea daftari na kumwambia, Ami, tia jina lako hapa upesi. Upesi kwa nini? Kwetu huendi kumtazama mgonjwa na karatasi ya ushahidi. Unakwenda na dua, unamwambia leo uso wako una nuru. Kutoa ile karatasi ilikuwa ni kumtangazia kifo chake mbele ya mkewe.

"Vitu vya sokoni, Ami," nikasema.

"Hebu nione umenunua nini."

"Vitunguu. Utaona nini katika vitunguu?"

"Siku hizi hata kitunguu naona hamu kukiona," akasema. Tukacheka. Nilikaa saa moja na nusu. Nikaondoka na mkoba wangu. Alifariki Jumanne tarehe 21, siku kumi na mbili baadaye, na ile karatasi ya mistari sita ninayo, nafasi ya jina ikiwa nyeupe.

Baada ya hapo palikuwa hapana tena wa kutia sahihi, isipokuwa Bi Zeyana mwenyewe, na yeye nilimjua. Miaka kumi na miwili niliipita safu ile kila mwisho wa mwezi. Nilijiambia kwamba mtoto wa Mzee analijua neno la baba yake. Alilijua. Alipofariki, wanawe walikuwa hawalijui, nao wakaiuza markazi kwa kampuni ambayo ilitaka kuivunja na kujenga upya. Sharti la mauzo lilikuwa la haki, kwa maandishi: kila mpangaji mwenye mkataba atapata duka katika jengo jipya. Mwenye mkataba.

Jumapili tarehe 12 Januari, mwaka wa thelathini na nane, Shamsa wa idara yenu, aniitaye Khala kama mama yake mdogo, alikaa nami kukagua daftari. Shamsa, najua utayasoma haya, na nataka ijulikane kwamba ulifanya kazi yako vizuri. Ulishuka na kidole chako mstari kwa mstari, ukasimama.

"Khala, nane mbona tupu?"

Nikakueleza yote: ngazi, cherehani, kahawa, mashahidi. Ulisikiliza hadi mwisho. Kisha ukauliza kwa upole, "Wewe ulikuwapo, Khala?"

"Hapana. Nilielezwa na aliyekuwapo."

"Yuko wapi?"

"Amefariki."

"Na wa pili?"

Nikaifunika kalamu, na wewe hukurudia swali.

Jumatano tarehe 15, saa kumi na nusu, alikuja Asya, binti wa Bi Zeyana, mwalimu wa skuli, mtu mzima sasa. Alifunga mlango wa ofisi nyuma yake.

"Khala Moza, Mama hajui kama nimekuja. Daftari si liko kwako?"

"Liko."

"Na wino ule ule mweusi wa zamani?"

"Upo."

"Na muhuri. Magurudumu yake si yanarudi nyuma?"

"Yanarudi."

"Basi yarudishe. Andika lile neno kwa tarehe ya zamani. Nani atajua?"

"Asya, mwanangu..."

"Kwani ni uongo? Mzee hakumpa Mama lile duka?"

"Alimpa. Si uongo."

"Sasa uongo uko wapi?"

"Tarehe itakuwa uongo."

"Tarehe!" Akanitazama kama nimemtukana. "Mama yangu kakaa pale miaka khamsini, Khala, kakulelea watoto, wewe unanambia tarehe?"

Nikamwambia kwamba nitaandika maelezo yangu mwenyewe, kwa tarehe ya leo, kwa jina langu, na nitayapeleka. Nikayaandika kurasa mbili, pamoja na ile karatasi ya mistari sita, nikayapeleka. Jibu lilikuja baada ya siku nane, la heshima sana: kwamba nasema nilichosikia na si nilichoona, na kwamba kampuni inanishukuru kwa utumishi wangu.

Usiku na mchana tangu hapo nimejiuliza. Niliposhindwa kumwambia Bi Zeyana atie sahihi, niliita adabu. Niliposhindwa kuufungua mkoba kwa Ami Khalfan, niliita huruma. Nilipokataa kuurudisha muhuri nyuma, niliita uaminifu, na mgongo wangu ulikuwa umenyooka nilipokuwa nikisema. Majina matatu mazuri, na kila mara aliyelipia ni yule yule. Mkiniuliza kama ningeandika tarehe ya uongo leo, nasema hapana, nisingeandika. Sijui tena kama hilo ni sifa. Huenda nimeipenda hati yangu kuliko mtu aliyenifanya niwe na hati.

Alifunga duka Alhamisi tarehe 27 Februari, siku mbili kabla ya mwezi wa Ramadhani, wakati ambapo kila mwaka huwa anakataa kupokea nguo mpya za Idi kwa wingi wa kazi. Wanaume wawili walibeba cherehani. Yeye alibeba mkasi. Alikuja ofisini na ufunguo, nami nikafungua daftari katika ukurasa wa makabidhiano, kwa kuwa ufunguo haupokelewi bila sahihi ya mwenye kuutoa. Nilidhani atakataa. Aliuliza, "Wapi?" nikamwonyesha. Akaandika jina lake, polepole, herufi zote. Ilikuwa sahihi yake ya kwanza katika daftari lile, na ilikuwa ya kutoka.

Niliacha kazi tarehe 30 Juni. Mlininunulia keki, nawashukuru. Ilikuwa tamu kupita kiasi. Jumanne tarehe 1 Julai, siku yangu ya kwanza bila kazi, nilipanda teksi hadi Wattaya, anakokaa Bi Zeyana kwa bintiye, nyuma ya maduka ya magari. Kwa miaka yote nimeingia nyumba ile kwa mlango wa jikoni, nikivua viatu huku naongea. Safari hii Asya alinifungulia mlango wa mbele, akanipeleka majlisi, chumba cha wageni, akanikalisha kwenye mto wa juu.

Bi Zeyana aliingia amevaa nguo ya kutokea.

"Karibu, Bi Moza."

"Starehe, mama."

"Wazima nyumbani? Rahma hajambo? Nunu hajambo?"

"Hawajambo, wanakusalimu."

"Joto mwaka huu."

"Joto kweli."

Zililetwa tende, tunda lililokatwa, halua, kahawa. Alinimiminia mwenyewe, kwa mkono wa kulia, kikombe robo, kama anavyomiminiwa mtu wa heshima. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Sidab. Nilikuwa nimeyapanga tangu Januari.

"Mama, nimekuja ku—"

"Kunywa kahawa, Bi Moza. Itapoa."

Nikanywa. Aliuliza kuhusu goti langu. Aliuliza kama samaki wanapatikana Sidab. Hakuuliza kuhusu markazi, na kila nilipofungua kinywa alikuwa na swali jingine, lenye adabu kamili, lisilohitaji jibu refu. Hakukasirika. Ningejua la kufanya na hasira yake.

Kwetu udi haufukizwi ila mwisho wa ziara. Chetezo kikishapitishwa, mgeni hujitia moshi kwenye nguo zake, akaaga. Baada ya udi hakuna kukaa, na hakuna mwenye nyumba anayeuleta kabla ya saa nzima kupita, asije akadhaniwa anamfukuza mtu. Nilitazama saa ya ukutani. Nilikuwa nimekaa dakika kumi na saba.

"Asya," akaita Bi Zeyana, bila kupandisha sauti, "mletee mgeni udi."

Kahawa yangu ilikuwa bado kikombeni. Asya alileta chetezo kwa mikono miwili, macho yake chini. Nikapitisha ncha ya shela yangu juu ya moshi, upande wa kulia, kisha wa kushoto, kama inavyotakiwa, nikainuka.